Lugha Mpya, Mashine ya Zamani: Namna Programu za Leo Zinavyoweza Kusomwa na Simu Kuukuu

Kila lugha iliyo hai hukua. Maneno mapya huingia, miundo mipya huzoeleka, na aliye mbali na mahali pa mabadiliko hukawia kuyapata. Mzee aliyejifunza Kiswahili kabla ya neno kishikwambi kuzoeleka hashindwi kuelewa habari inayokitaja. Msemaji humweleza kwamba ni chombo bapa mfano wa kibao, kikubwa kuliko simu, kinachoguswa kwa kidole, na mazungumzo yakaendelea. Lugha za programu, yaani zile zilizobuniwa ili watu waiagize kompyuta kazi, nazo hukua vivyo hivyo. Ila msikilizaji wake ni mashine, na mashine haikisii wala haiulizi maana. Neno isilolijua hulikataa, na pengine hukataa pamoja nalo yote yaliyoandikwa kabla yake na baada yake.

Makala haya yaeleza njia zitumiwazo ili vipengele vipya vya lugha ya programu vipate kufanya kazi penye matoleo ya zamani ya lugha hiyo hiyo. Jambo kuu la kushika ni kwamba si kila kipya ni kipya kwa namna moja. Kingine ni sarufi mpya, kingine ni msamiati mpya, na kingine ni uwezo mpya. Viwili vya kwanza vina dawa, tena dawa mbalimbali. Cha tatu aghalabu hakina. Mtengenezaji wa programu asiyetofautisha vitu hivi vitatu huweza kuwafungia watu mlango bila kujua.

Mfano wa Nassa

Nassa iko katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu, karibu na Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria. Mkoa huo uliundwa mwaka 2012, na makao makuu yake ni Bariadi. Wenyeji walio wengi ni Wasukuma, na zao lao la biashara lijulikanalo zaidi ni pamba. Mkulima huipeleka pamba yake kwenye chama cha msingi cha ushirika, ambacho watu hukiita AMCOS; hupimiwa, jina lake na uzito wa pamba huandikwa, kisha hungoja malipo yake.

Na ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba chama kimoja cha huko kimetengenezewa ukurasa wa intaneti wa kusomwa katika simu. Ukurasa huo waonyesha waliouza pamba, waliokwisha kulipwa, na wanaodai. Aliyeutengeneza yuko Dar es Salaam, ana kompyuta ya mwaka huu, na kwake kila kitu kinakwenda sawasawa. Lakini programu ya ukurasa wa intaneti haimalizi kazi yake katika kompyuta ya aliyeiandika. Hutumwa kama barua mpaka katika simu ya msomaji, na humo ndimo isomwamo na kutekelezwa na injini ya kivinjari, yaani ile sehemu inayoifahamu lugha ya programu. Basi swali si kama mwandishi anaijua lugha mpya, bali kama injini iliyo katika simu ya mkulima inaijua.

Simu hizo ni za rika mbalimbali. Mwaka 2019 kampuni ya Vodacom Tanzania ilianza kuuza simu ya bei nafuu iitwayo Smart Kitochi, yenye mfumo wa KaiOS. Toleo la 2.5 la mfumo huo, lililotumika katika simu nyingi za aina hiyo, lilijengwa juu ya injini ya Firefox 48, iliyotolewa Agosti 2016. Kwa hiyo mtu aliweza kununua simu mpya dukani mwaka 2019, ikiwa bado yasema lugha ya miaka mitatu nyuma. Hali kadhalika kivinjari cha Chrome: toleo lake la 119, la mwaka 2023, lilikuwa la mwisho kukubali simu za Android 7. Mwenye simu ya aina hiyo amekomea hapo, hata akiwa na intaneti ya kutosha. Vyombo navyo hukaa na watu miaka mingi, tena hupita mikono mingi. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu.

Lugha inayosomwa na injini hizo ni JavaScript. Brendan Eich aliibuni mwaka 1995 alipokuwa katika kampuni ya Netscape, na mwaka 1997 ikapata kanuni zake za kwanza chini ya shirika la Ecma. Mabadiliko makubwa yalikuja Juni 2015, na tangu hapo toleo jipya la kanuni hutolewa kila mwaka. Vipya havikomi kuja, na simu haibadiliki.

Sarufi mpya

Kipengele cha sarufi ni namna mpya ya kuunda sentensi. Mwaka 2020 JavaScript ilipata alama ya kiulizo iliyofuatwa na nukta. Mtengenezaji akitaka namba ya simu ya mkulima, ikiwa mkulima mwenyewe amepatikana katika daftari, huandika hivi:

let namba = mkulima?.simu;

Maana yake ni kwamba, kama mkulima yupo, itwaliwe simu yake. Kama hayupo, kazi iendelee bila namba. Sentensi ni fupi na safi. Lakini injini ya mwaka 2016 haijapata kuona alama hiyo. Tena, kabla ya kutekeleza lo lote, injini huisoma kwanza faili nzima ili kuhakikisha kwamba sarufi yake ni sahihi. Ikikuta alama moja isiyoijua, huitupa faili yote. Hapo mkulima huona ukurasa mweupe, au orodha isiyojaa kamwe, wala hapati neno la kumweleza sababu.

Kasoro ya namna hii haiwezi kurekebishwa kutoka ndani ya faili hiyo hiyo, kwa kuwa hata maneno ya kurekebishia yangekuwa yametupwa pamoja na mengine. Dawa yake ni kufasiri kabla ya kutuma. Mwandishi huandika kwa sarufi mpya. Kisha programu nyingine, iliyo kwake mwandishi, huigeuza kazi yake iwe katika sarufi ya zamani yenye maana ile ile:

var namba = mkulima == null ? undefined : mkulima.simu;

Sentensi hii ya pili ni ndefu na haipendezi, lakini injini ya zamani yaielewa. Hakuna kilichoongezwa katika maana. Kilichosemwa kwa mkato kimesemwa kwa kirefu, kama vile mtu amwelezavyo mgeni methali kwa maneno ya kawaida.

Vyombo vya kufasiri hivi vilianza kuenea mapema. Google ilitoa kimoja kiitwacho Traceur mwaka 2011. Mwaka 2014 Sebastian McKenzie, kijana wa Australia, alitoa kingine kilichoitwa 6to5, jina linaloonyesha safari ya kutoka kanuni za toleo la 6 kurudi toleo la 5. Mwaka 2015 jina lilibadilishwa likawa Babel. Jina la kwanza lilieleza kazi ya wakati ule tu; la pili lilikubali kwamba kazi yenyewe haitakwisha, maana kila mwaka kuna toleo jipya la kufasiriwa.

Msamiati mpya

Msamiati ni jambo jingine. Hapa sarufi ni ile ile. Lililo geni ni jina la kazi fulani ambayo injini mpya huifahamu tangu inapotengenezwa. Kanuni za mwaka 2025 ziliingiza katika JavaScript kazi za kulinganisha makundi. Mojawapo huitwa difference: hutoa vitu vilivyomo katika kundi la kwanza ambavyo havimo katika la pili. Kwa chama cha pamba neno hilo lina thamani kubwa, kwa kuwa ukichukua kundi la waliouza na kuondoa waliolipwa, wanabaki wanaodai:

var wanaodai = waliouza.difference(waliolipwa);

Chrome ilianza kuijua kazi hiyo katika toleo la 122, mwanzoni mwa mwaka 2024. Simu ya Android 7 iliyokomea toleo la 119 haiijui. Lakini simu hiyo haitupi faili nzima, kwa kuwa sarufi ya sentensi haina kosa. Huanza kazi vizuri, huonyesha orodha ya waliouza, huonyesha ya waliolipwa, kisha inapofika kwenye neno difference hukwama.

Kosa hili ni baya kuliko lile la kwanza, kwa sababu halionekani. Ukurasa mweupe humfanya mtu atambue kwamba chombo kina hitilafu. Lakini ukurasa uliojaa, ambao nafasi ya wanaodai ni tupu, husema uongo: humwambia mkulima kwamba hakuna anayedai. Huenda akaondoka akidhani jina lake limefutwa, au akamgombeza karani asiye na hatia.

Dawa ya msamiati ni kuifundisha injini neno lenyewe, kwa kutumia maneno ambayo tayari inayajua. Mafunzo hayo huwekwa mwanzoni mwa programu:

if (!Set.prototype.difference) {
  Set.prototype.difference = function (la_pili) {
    var baki = new Set();
    this.forEach(function (jina) {
      if (!la_pili.has(jina)) baki.add(jina);
    });
    return baki;
  };
}

Mstari wa kwanza wauliza kama injini inaijua kazi hii. Ikiwa yaijua, iachwe. Ikiwa haijui, mistari inayofuata yaieleza: litengenezwe kundi tupu, lipitiwe jina moja moja la kundi la kwanza, na kila jina lisilokuwamo katika la pili liwekwe katika hilo tupu. Tangu hapo neno jipya hutumika katika simu ya zamani kama lilivyo katika mpya. Hii ni dawa ya mfano mdogo, inayotosha pale makundi yote mawili ni ya aina moja. Dawa kamili hufuata kila sharti la kanuni, hata yale ambayo mwandishi hakuyahitaji leo.

Kiraka cha namna hii huitwa polifili. Neno hilo lilitungwa na Mwingereza Remy Sharp mwaka 2009, kutokana na Polyfilla, jina la dawa ya kuzibia nyufa za ukuta nchini Uingereza. Mfano huo wafaa sana. Fundi hajengi nyumba upya. Huziba ufa, na ukuta ukiwa mzima haugusi.

Uwezo mpya

Yapo, hata hivyo, mambo ambayo hayawezi kuelezwa kwa maneno ya zamani. Kanuni za mwaka 2015 zilileta kitu kiitwacho Proxy, ambacho huiwezesha programu kusimama mlangoni pa kitu kingine na kupata habari kila kinapoguswa, kwa jina lo lote. Injini ya kabla yake haina mlango huo. Hakuna wingi wa maneno utakaouweka. Kanuni za mwaka 2018 nazo ziliruhusu programu, inapotafuta maandishi, kutazama yaliyotangulia yale yanayotafutwa. Vivinjari vya iPhone havikuwa na uwezo huo mpaka toleo la 16.4, Machi 2023, na programu nyingi zilizoutumia zilikataliwa na simu hizo.

Hapa mtengenezaji hana budi kuchagua: auache uwezo huo, au akubali kwamba watu fulani hawatamsoma. Ubaya si kuchagua. Ubaya ni kutojua kwamba amechagua.

Neno lile lile lenye maana mbili

Njia zilizoelezwa mpaka hapa huchukuliwa na watumiaji wa lugha. Watunzi wa Python walichukua njia nyingine: waliweka wenyewe mlango ndani ya toleo la zamani. Tangu toleo la 2.1, la mwaka 2001, mwandishi aweza kuandika juu ya faili yake sentensi ya kuomba kanuni ijayo ianze kutumika sasa:

from __future__ import division

Sentensi hii yahusu kugawanya, nayo ilianza katika toleo la 2.2, mwaka huo huo. Katika Python 2, ukigawanya 7 kwa 2 ulipata 3; katika Python 3, iliyotolewa Desemba 2008, hupata 3.5. Sarufi haikubadilika, wala jina halikubadilika. Kilichobadilika ni maana. Kwa hiyo hakuna mashine iliyokataa, wala hakuna iliyokwama. Kilo 7 za watu 2 ziligawanywa, na hesabu ikapoteza kilo moja kimya kimya.

Msemaji wa Kiswahili aijua hatari hii katika saa. Akimwambia mgeni waonane saa moja asubuhi, naye mgeni akahesabu kwa desturi ya kwao, wote wawili wameelewa, na hawatakutana. Mabadiliko ya maana ndiyo yanayohitaji uangalifu kuliko yote, na watunzi wa Python walifanya vyema kumtaka mwandishi atamke wazi juu ya faili ni kanuni ipi anayoifuata. Hata hivyo safari ilikuwa ndefu: Python 2 iliachwa kutunzwa tarehe 1 Januari 2020, zaidi ya miaka 11 baada ya mrithi wake kutoka.

Kiswahili ndani ya kiraka

Kwa wanaoshughulika na Kiswahili, liko jambo moja la kutazamwa zaidi. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2018 vivinjari vilianza kupata chombo kiitwacho Intl.RelativeTimeFormat, kinachotaja muda kwa lugha ya msomaji. Kikipewa siku 3 za nyuma, kwa Kiswahili hutoa «siku 3 zilizopita». Kikipewa mwezi 1 hutoa «mwezi 1 uliopita», na kwa miezi 2, «miezi 2 iliyopita». Maneno hayo hutoka katika hazina ya CLDR, inayotunzwa na Muungano wa Unicode.

Simu yenye injini ya mwaka 2016 haina chombo hiki. Mtengenezaji mwenye haraka, aliyezoea lugha ambayo neno la kueleza muda uliopita halibadiliki, huweza kuandika kiraka chake mwenyewe na kubandika «iliyopita» mwishoni mwa kila kitu. Mashine itaridhika, lakini msomaji wa Nassa atakutana na «mwezi 1 iliyopita» na «siku 3 iliyopita», Kiswahili ambacho mwanafunzi wa shule ya msingi angesahihishwa. Upatanisho wa ngeli hautokani na hesabu ya moja na nyingi peke yake. Kila jina la muda lina viambishi vyake, na ndiyo maana hazina hiyo huweka kauli kamili kwa kila jina, ya umoja na ya wingi. Kiraka kizuri huzichukua kauli hizo kama zilivyo.

Kazi ya kuipatia kompyuta msamiati wa Kiswahili si ya jana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili. Lakini msamiati uliokwisha kusanifiwa haumfikii mwenye simu ya zamani mpaka mtu auchukue na kuupeleka huko.

Gharama yake na nani anayeilipa

Kufasiri na kuziba nyufa kuna gharama. Sentensi iliyofasiriwa ni ndefu kuliko ya asili, na kila kiraka huongeza uzito wa faili. Uzito huo hubebwa na msomaji, kwa bando alilolinunua. Akipewa viraka ambavyo simu yake haikuvihitaji, ametozwa bure. Na mwenye simu kuukuu, ambaye aghalabu ndiye mwenye bando dogo, hupokea faili iliyo nzito zaidi.

Kwa sababu hiyo desturi nzuri ni kutengeneza mafungu mawili. Kuanzia mwaka 2017 vivinjari vilianza kujua alama module, na pamoja nayo nomodule. Injini mpya huchukua faili yenye alama ya kwanza na kuiruka ya pili. Injini ya zamani, isiyozijua alama hizo, huruka ya kwanza na kuchukua ya pili. Hivyo Kitochi hupata fungu lililofasiriwa, na simu mpya hupata fungu jepesi. Ila simu ya Chrome 119 huzijua alama hizo, nayo huhesabiwa miongoni mwa mpya. Basi kiraka cha difference hakina budi kuwamo katika fungu jepesi pia. Kabla ya yote, mtengenezaji apaswa kujua wasomaji wake wana simu gani, kisha afasiri kiasi hicho, asizidishe.

Tena kiraka ni programu iliyoandikwa na mtu mwingine, nacho huingia mpaka ndani. Zamani tovuti nyingi zilivuta viraka vyao kutoka katika anwani moja ya bure, polyfill.io. Februari 2024 anwani hiyo ilipata mmiliki mpya, na Juni mwaka huo wachunguzi wa usalama walitangaza kwamba ilikuwa ikichanganya programu mbaya na viraka. Tovuti zilizoitegemea zilikuwa zaidi ya 100,000. Wenye tovuti hawakubadilisha hata herufi moja katika kazi zao. Funzo lake ni kwamba kiraka kihifadhiwe nyumbani, kikaguliwe, na kitolewe siku kisipohitajiwa tena.

Siku hiyo huja, kwa kuwa simu hufa na matoleo husahauliwa. Ila haifai ihesabiwe kwa kutazama simu za mjini. Katika mfano wa chama cha pamba, kipimo ni kimoja: mkulima wa mwisho mwenye chombo kikuukuu, akifungua ukurasa baada ya msimu, alione jina lake katika orodha ya wanaodai ikiwa kweli anadai. Hilo likitimia, mwandishi na atumie lugha mpya kadiri apendavyo.